Pumu: Nafuu ya Pampu Isikudanganye



Ndugu msomaji, huenda bwenini kwenu yuko mwenzetu ambaye pampu yake ya bluu haitoki mfukoni. Kifua kikibana anavuta, anapata nafuu, anarudi kwenye vitabu. Kesho yake ni yale yale. Je, amejitibu?

Ndani ya mirija ya hewa

Katika pumu hutokea mambo mawili. Kwanza, misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza. Pili, na huu ndio mzizi, kuta za ndani ya mirija huvimba na kutoa makohozi mazito. Uvimbe huo huletwa na kinga ya mwili wenyewe, inayoamka kwa vumbi au chavua kana kwamba imevamiwa na adui.

Salbutamol, dawa ya pampu ya bluu, hulegeza misuli kwa dakika chache, na nguvu yake huisha baada ya saa chache. Uvimbe hubaki. Unaotuliza uvimbe ni dawa ya kuzuia, kama budesonide au beclometasone, ambayo mgonjwa huivuta kama alivyoelekezwa hata siku anazojisikia mzima. Ndiyo maana mwaka 2019 miongozo ya kimataifa ya GINA iliacha kupendekeza salbutamol peke yake kwa watu wazima na vijana wenye pumu.

Somo kutoka maabara

Miongoni mwa askari wa kinga wanaochochea uvimbe huo ni chembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Mwaka 2000 watafiti walijaribu dawa ya kuzipunguza, mepolizumab. Chembe zilipungua, lakini mirija ya wagonjwa ilibaki na wepesi ule ule wa kubana. Wengi walikata tamaa. Mwaka 2009 dawa ile ile ilijaribiwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kuwa na eosinofili nyingi, na mashambulizi yakapungua. Mwaka 2015 iliidhinishwa Marekani kwa pumu kali ya aina hiyo. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni swali: si "Je, inatibu pumu?" bali "Inatibu pumu ya nani?"

Na saumu?

Wanazuoni wametofautiana iwapo pampu inafunguza. Lakini mgonjwa anayehofia madhara ana ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Kwa hiyo kifua kikibana mchana wa Ramadhani, usingoje magharibi: tumia pampu. Kabla ya mwezi kuingia, muulize daktari kama dawa ya kuzuia yaweza kutumiwa wakati wa daku na baada ya futari.

La kufanya

Ukiona unahitaji pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki, au unaamka usiku kwa kubanwa, nenda zahanati ya chuo ukaulizie dawa ya kuzuia. Usione haya, mwili ni amana.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.