Mwarobaini Uani, Kipimo Kwanza
Kijitabu cha malaria kwa nyumba za kando ya ziwa

Kijitabu hiki ni cha nani?

Ni cha kila nyumba inayoishi na mbu wa ziwa, kuanzia Dunga na Nyalenda hadi Kisian, Ahero, Asembo na Mbita. Ni cha mama mwenye mtoto mchanga, cha baba anayevua omena usiku, na cha nyanya ambaye majirani humbishia hodi kuomba majani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta vimelea vya malaria kwenye damu ya watoto wapatao 19 kati ya kila 100 waliopimwa ukanda huu wa ziwa. Kwa Kenya nzima walikuwa 6 tu.

Dawa zetu bora zimetoka kwenye mimea

Anayesema miti shamba ni upuzi mtupu hajui dawa zinakotoka. Kwinini ilitoka kwenye magome ya msinkona, mti wa milima ya Andes huko Amerika Kusini. Mwaka 1820, Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga na vitu vingine vilivyomo kwenye gome ili iweze kupimwa.

Dawa ya pili ilitoka China, kwenye mmea uitwao artemisia. Mtafiti Tu Youyou na wenzake waliona kwamba mmea huo ukipikwa, nguvu yake inapotea. Alirudi kwenye kitabu cha tiba cha karne ya 4, kilichoagiza mmea uloweshwe na kukamuliwa, bila kutaja kuchemsha. Mwaka 1971 akaikamua dawa hiyo kwa etha, kimiminika kisichohitaji moto mkali, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo, artemisinini, ndiyo asili ya AL, tembe za manjano za malaria tunazopewa zahanati. Hata wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania wamewahi kulima artemisia iliyokamuliwa kiwandani Athi River.

Basi kwa nini tusichemshe majani nyumbani?

- Hakuna kipimo. Majani ya mti mmoja huwa makali kuliko ya mwingine, na ya masika si sawa na ya kiangazi. Sufuria haiwezi kukuambia mtoto amekunywa dawa kiasi gani.
- Dawa kidogo huleta usugu. Vimelea visipokufa vyote, vinavyosalia huizoea dawa. Tayari vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini vimethibitishwa Uganda, Rwanda na Tanzania. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya artemisia itumike kutibu au kuzuia malaria.
- Maabara si mwili. Mwarobaini, olusia na mimea mingine ya kwetu imeonyesha uwezo wa kudhoofisha vimelea kwenye chupa za maabara. Hilo ni jambo la kuchunguzwa zaidi. Bado si tiba ya mtoto anayetetemeka kwa homa.
- Mti nao hudhuru. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwasababishia watoto wadogo kutapika na degedege. Mjamzito asinywe mwarobaini.

"Mbona mzee alikunywa mwarobaini akapona?"

Swali hili ni la haki. Kwanza, si kila homa ni malaria. Mafua na homa nyingine za virusi huisha zenyewe, na aliyekunywa majani siku hiyo huyashukuru majani. Pili, mtu mzima aliyeumwa na mbu wa ziwa tangu utotoni ana kinga kiasi. Homa inaweza kushuka huku vimelea vikibaki damuni. Mtoto wa chini ya miaka 5 bado hajajenga kinga hiyo. Kikombe kilichomwacha babu salama kinaweza kumchelewesha mjukuu, na malaria kali humuua mtoto kwa siku chache.

Mtu akipata homa nyumbani

1. Apimwe siku hiyo hiyo, au kesho yake asichelewe zaidi. Mhudumu wa afya wa kijiji hutoboa kidole na kusoma kipimo cha haraka kwa takriban dakika 20.
2. Malaria ikionekana, apewe AL kulingana na uzito. Wa kilo 5 hadi chini ya 15 humeza tembe 1 kila mara. Wa kilo 35 na zaidi humeza 4.
3. Dozi ni mara 6 kwa siku 3. Ya pili hufuata ya kwanza baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni.
4. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta: uji wa maziwa, njugu karanga au samaki wa kukaanga. Bila mafuta, dawa haiingii vizuri mwilini.
5. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha umwone mhudumu akuongezee tembe. Homa ikishuka siku ya pili, usimwekee mwingine zilizobaki.
6. Kama amekunywa dawa ya miti, mwambie mhudumu waziwazi. Hakuna aibu.

Mkimbize hospitali mara moja akiwa na:

degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, usingizi mzito usio wa kawaida, kuhema haraka, viganja vyeupe, au mkojo mweusi.

Kwa nyanya na waganga wa miti shamba

Watu wanawaamini, na imani hiyo inaweza kuokoa maisha. Anayekuja na homa, mpelekeni apimwe kabla ya kumpa chochote. Maarifa yenu ya mimea yasipotee. Waelezeni watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ambao huchunguza dawa za asili.

Kinga ni bora kuliko tiba

Laleni ndani ya chandarua kilichotiwa dawa kila usiku. Mjamzito ahudhurie kliniki apewe dawa ya kuzuia malaria. Mtoto apate chanjo ya malaria, ambayo ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwezi Septemba 2019, na akamilishe dozi zake zote.

Leo jioni, kubalianeni nyumbani: mhudumu wa afya wa kijiji chetu ni nani, namba yake iko wapi, na ni boda boda gani atakayetupeleka hospitali saa nane za usiku?