Yaliyokukuta hospitali: yaseme mpaka yafanyiwe kazi

Umetoka hospitali umechoka. Umekaa foleni tangu asubuhi, dawa umeambiwa ukanunue nje, na nesi amekujibu kana kwamba umekwenda kumdai. Ukifika nyumbani unasimulia. Jirani anaguna, shemeji anakumbushia ya kwake, mnacheka kidogo, basi yameisha. Wiki ijayo anakaa mwingine kwenye benchi lile lile.

Yasiishie sebuleni. Yakisemwa vizuri yanaweza kurekebisha kitu. Unachohitaji ni kumpata mwenye uwezo wa kurekebisha, kumfikia kabla bajeti haijafungwa, na kwenda na ombi moja tu mkononi. Nitazungumzia zaidi Tanzania, ila hata kama uko Mombasa au Kampala mengi yatakufaa.

Andika siku hiyo hiyo. Kesho utakuwa umesahau saa, na keshokutwa utakuwa umeongeza chumvi bila kujua. Huhitaji daftari. Jitumie ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, tarehe na saa vitabaki hapo. Andika kwa kifupi hivi:

"Jumanne. Saa 2:10 asubuhi nimefika mapokezi. Saa 2:40 nimepata namba. Saa 5:50 nimeingia kwa daktari. Saa 6:30 dirisha la dawa: dawa ya maji ya mtoto hakuna. Nimeuliza itakuja lini, hawajui. Duka la nje nimenunua sh. 6,000."

Inatosha. Hakuna "wanatunyanyasa", hakuna "hospitali zetu zimeoza". Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, akisoma hapo anaona mwenyewe kwamba umekaa zaidi ya saa tatu kati ya namba na daktari. Ukimwandikia kwamba huduma ni mbovu, atakujibu kwamba wanajitahidi, na hapo mazungumzo yamefika mwisho.

Maneno uliyoambiwa yanukuu yalivyo. "Alinitukana" ni rahisi kukanushwa. Lakini ukiandika, "Aliniambia, kelele za nini, kwani nani alikutuma?", msikilizaji hana haja ya maelezo zaidi. Andika pia ilikuwa zamu gani na nani mwingine alisikia.

Tunza karatasi zote. Risiti, kadi ya kliniki, majibu ya vipimo, cheti cha dawa. Zipige picha kabla hazijafifia, maana zile risiti za mashine baada ya miezi michache zinabaki nyeupe. Kwenye vituo vya serikali Tanzania malipo hupitia control number na unapewa risiti. Kama kuna mtu amekuomba pesa mkononi ndipo akuhudumie, hiyo si kero ya huduma tena, ni rushwa. Piga TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113, ni bure. Usiichanganye na lalamiko la foleni kwenye barua moja.

Sasa lile ombi. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka 2018 mtandao wa Utepe Mweupe na washirika wake waliendesha kampeni iliyowauliza wanawake swali moja: ukipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwenye huduma za uzazi, utaomba nini? Kimoja tu. Zaidi ya wanawake na wasichana milioni moja walijibu, kutoka nchi 114. Lililoongoza lilikuwa kuhudumiwa kwa heshima na utu. La pili likawa maji, vyoo na usafi. Kila mmoja wao angeweza kuorodhesha shida ishirini. Kwa sababu walibanwa kwenye moja, majibu yaliweza kuhesabika, na serikali hazikuweza kusema hazikuelewa wanawake wanataka nini.

Jibane vivyo hivyo. Jiulize: huyu ninayemwendea anaweza kulitekeleza ombi langu bila kusubiri serikali kuu Dodoma? "Boresheni huduma" hakuna anayeweza kulitekeleza, hata waziri. "Wekeni pazia kati ya kitanda na kitanda wodi ya wazazi" linatekelezeka. "Bandikeni kila asubuhi orodha ya dawa zilizoisha, tusikae foleni ya dirishani bure" linatekelezeka kwa karatasi na gundi. Shida zako nyingine kumi na tisa zitunze. Zamu yao itafika.

Ukishapata ombi, tafuta mlango wake. Usianzie kwa mbunge. Anza na mganga mfawidhi wa kituo chenyewe. Nenda alasiri foleni ikiwa imepungua, umevaa vizuri, na karatasi yako moja.

"Shikamoo daktari. Sijaja kumshtaki mtu. Wiki iliyopita nilijifungulia hapa, na sista wa zamu ya usiku alinihudumia vizuri sana. Ila wodi haina pazia, na ndugu wa wagonjwa wengine walikuwa wanapita nikiwa vile. Naomba pazia. Nirudi lini kuuliza?"

Ona maneno hayo yalivyoanza. Kumtaja aliyefanya vizuri si kujipendekeza. Yule sista yuko peke yake na wajawazito wote wa usiku ule, na huenda pazia analitaka kuliko wewe. Akijua hukuja kumharibia kazi, atakuunga mkono kwenye kikao ambacho wewe huingii.

Mganga akikwambia hela hakuna, nenda kwa kamati ya usimamizi wa kituo. Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa nayo, na ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi. Uliza mwenyekiti ni nani. Mara nyingi ni mtu unayesali naye au unayenunua kwake mchele. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ina sauti kwenye matumizi yake. Pazia, taa ya korido, tenki la maji, kitasa cha choo: mambo ya ukubwa huo yanaweza kuishia hapo hapo.

Upungufu wa wauguzi usimpelekee mfawidhi, hana ajira za kutoa. Hilo ni la Mganga Mkuu wa Halmashauri na diwani wako. Na kama tatizo ni mwenendo wa mtaalamu mmoja, kwa mfano uzembe au kukutolea siri, kuna mabaraza yanayosimamia taaluma: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi na wakunga. Kenya lipo baraza la madaktari, KMPDC, na Katiba ya 2010 kifungu cha 43 inakupa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Huko kote nenda kwa maandishi.

Sanduku la maoni? Litumie, ila usiliwekee matumaini yote. Kuna masanduku ambayo kufuli zake zimeota kutu. Karatasi yako ipige picha kabla hujaitumbukiza.

Angalia kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, Tanzania na Kenya pia, na mipango huandikwa miezi mingi kabla. Ukienda Mei kuomba tenki la maji, utapewa pole na maneno mazuri. Nenda mwishoni mwa mwaka wa kalenda, wakati kituo kinaandaa mpango wake. Kwa wa vijijini, mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nyoosha mkono, sema, kisha hakikisha umeingizwa kwenye muhtasari. Mkutano unaofuata omba muhtasari uliopita usomwe. Utashangaa jinsi watu wanavyochangamka wakisomewa ahadi zao wenyewe.

Usiende peke yako kama unaweza kupata wenzako. Wako karibu kuliko unavyodhani: siku ya kliniki ya kisukari, siku ya CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, siku ya kupima watoto, nyuso ni zile zile. Tafuteni wanne au watano mliokutwa na jambo moja. Kila mtu aandike nusu ukurasa: lini, nini kilitokea, kilimgharimu nini. Nauli iingie, kibarua alichokosa siku hiyo kiingie. Ziunganisheni, juu yake wekeni lile ombi. Mtu mmoja akisema amekosa dawa ni bahati mbaya yake. Watano wakisema, na tarehe zao zikiwa za mwezi mmoja, mganga itabidi afungue leja ya dawa.

Lakini siri ya mtu ni ya mtu. Aliyekusimulia ugonjwa wake kwenye benchi hajakuruhusu kuupeleka redioni, hata ukibadilisha jina, maana mtaani wanajuana. Muulize wazi: naweza kusema, niseme wapi, nikutaje? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na taarifa za afya zimo. Kwenye kundi la WhatsApp kuwa makini zaidi. Ujumbe wa sauti ukishasambazwa hauna mwenyewe.

Na siri yako pia ipime. Uganda ina historia nzito hapa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe alifariki kwa UKIMWI, aliwakusanya wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na VVU. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akatangaza hadharani kwamba anaishi na VVU, akazunguka kuzungumza na watu hadi alipofariki mwezi Desemba mwaka huo. Walisaidia kuvunja ukimya, na waliobaki wakapata pa kuzungumzia. Hawakulazimishwa na mtu. Wewe unaweza kutoa jina na uso, au jina bila uso, au kuandika tu bila vyote viwili. Amua kabla hujakutana na mwandishi wa habari, na waambie kwanza mwenzi wako na watoto wakubwa. Wasilisikie kwa jirani.

Ukipata nafasi redioni au kwenye kikao, jiandae kwa dakika mbili. Weka simu ikuhesabie. Sema kilichotokea, kilikufanya nini, unaomba nini. Ombi lako lirudie mwisho kwa maneno yale yale. Machozi yakija yaache yaje, kisha endelea. Swali usilotaka kulijibu, sema, "Hilo nitabaki nalo mwenyewe," unyamaze. Na kabla ya kuanza muulize mwandishi picha yako itatumika wapi.

Kurekodi video wodini: nakushauri usifanye. Nyuma yako kuna mgonjwa mwingine yuko uchi. Najua utanitajia Bungoma, Kenya. Mwaka 2013 mama alijifungulia sakafuni hospitalini, video ikasambaa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamua haki zake zilikiukwa, akapewa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya. Ni hukumu kubwa na wanaharakati wanaitumia mpaka leo. Lakini ilichukua karibu miaka mitano, na yule mama alionekana na watu ambao hakuwachagua. Kama ni kitanda kibovu, piga picha ya kitanda, tena kwa ruhusa. Kwa upande wa Tanzania kumbuka pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kuchapisha taarifa za uongo ni kosa, hivyo usiongeze usichokiona.

Unaogopa kwa sababu utarudi kutibiwa pale pale? Ni hofu ya haki, na anayekwambia "usiogope tu" huenda hana kadi kwenye kituo hicho. Peleka barua ya kikundi badala ya yako. Mtangulize mjumbe wa kamati, au ndugu ambaye hatibiwi hapo. Kama uko katikati ya matibabu na jambo linaweza kusubiri, maliza matibabu kwanza. Lisiloweza kusubiri, mtoto anazidiwa na hakuna anayekuja, usiandike chochote: tafuta matroni au daktari wa zamu sasa hivi, ndugu mwingine abaki na mgonjwa.

Barua yako iwe nakala mbili. Moja waachie, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mhudumu wa masjala atakuambia haina haja. Subiri kwa upole mpaka agonge.

Tarehe uliyoambiwa urudi, rudi. Jibu likiwa "bado", uliza bado nini, na ni nani sasa anayelishikilia, andika jina na cheo chake, kisha nenda kwake na nakala yenye mhuri. Jibu ulilopata wapelekee wale wanne mlioandika nao, hata kama ni la kuudhi, wasije wakadhani umewauza.

Na pazia likiwekwa, nenda ukalione. Mshukuru mganga mfawidhi mbele ya watu, mtumie mwenyekiti wa kamati ujumbe wa asante, kisha fungua simu yako, uchague ombi la pili.