VYUMA VYA KUTIA ALAMA KATIKA NAKSHI ZA MBAO

Sifa ya wachongaji wa Ukambani imefika mbali. Mutisya wa Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na baada ya kurudi kwake kazi hiyo ikaenea.

Lakini sanamu ya mnyama, ambayo yaweza kutazamwa pande zote, ni kazi moja. Nakshi za kuinuka ni kazi nyingine. Katika nakshi hizo, kama zile za milango ya Lamu na Zanzibar, picha hubaki imeshikamana na ubao. Fundi wa Kitui au Makueni atakayeijaribu ataona shida upesi: uwanja, yaani sehemu iliyopunguzwa nyuma ya picha, hubaki na makovu ya patasi, na jicho la mnunuzi huona makovu kabla ya kuona picha.

Dawa yake ni kuugonga uwanja kwa chuma chenye meno, ujae alama ndogo ndogo. Alama hizo hushika kivuli, na picha iliyolainishwa huonekana kama imesogea mbele.

Chuma hiki si lazima kukinunua. Twaa msumari wa inchi 6. Kata ncha yake kwa msumeno wa chuma, kisha sawazisha mahali ulipokata kwa tupa. Kwa tupa ya pembe tatu, tia mifereji mitatu, kisha mitatu mingine ya kuikatiza ile ya kwanza. Hapo meno yatatokea. Yapunguze makali, maana kazi yake ni kubonyeza, wala si kukata. Tengeneza na cha pili kwa msumari wa inchi 4, kwa ajili ya pembe nyembamba. Usitumie tupa kuukuu: ni chuma kigumu mno, na kikigongwa kwa nyundo chaweza kupasuka na kibanzi kikaingia jichoni.

Kabla ya kuanza, jaribu juu ya kipande kilichobaki cha mti ule ule. Ubao uwe mkavu. Muhugu na mpingo hupokea alama safi. Mti mwororo hutoa nyuzi. Sawazisha uwanja kwanza, kwa kuwa alama huficha makovu madogo tu, hazifichi mabonde. Anza kandokando ya picha kwa chuma kidogo, kisha endelea nje kwa kile kikubwa. Mapigo yawe ya uzito mmoja, na kila pigo ukizungushe chuma kidogo, ili alama zisijipange kama mistari ya mahindi shambani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Patasi ikikosea kidogo uwanjani, kosa hilo laweza kupunguzwa. Lakini alama ikiangukia ukingo wa picha, nyuzi za mti zimekwisha kupondwa. Kazi ya juma zima yaweza kuharibika kwa pigo moja, na ubao wa muhugu haupatikani kwa urahisi, kwani miti hiyo imepungua sana kwa kukatwa miaka mingi. Basi, fundi asione haya kugonga kipande cha majaribio mara mia kabla ya kuugusa ubao wenyewe. Msumari hugharimu kidogo tu. Ubao ulioharibika ni mti uliokatwa bure.