Kwa Nini Vyakula Vingine Ni Vikali? Somo la Vyungu Viwili vya Miembeni

Mtu apitaye katika kata ya Miembeni, mjini Bukoba, siku ya sikukuu, huweza kunusa vyungu viwili kwa wakati mmoja. Katika nyumba moja zinapikwa ndizi na maharage, zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Chumvi na kitunguu vyatosha. Katika nyumba ya jirani unapikwa pilau wenye bizari, iliki, mdalasini na pilipili manga, na pembeni kuna kachumbari ya pilipili inayotoa machozi. Jua ni lile lile, na soko ni lile lile. Kwa nini basi chungu kimoja ni kipole na kingine ni kikali?

Swali hili ni ndugu wa lile ambalo wanafunzi huuliza juu ya watu wa Meksiko na India. Katika makala hii tutaeleza kwanza ukali ni nini, kisha tutaipima nadharia moja mashuhuri, na mwisho tutaona jinsi jibu lake linavyogusa afya ya kila nyumba.

Ukali si ladha

Ulimi hutambua utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Ukali wa pilipili haumo katika orodha hii. Huo ni aina ya maumivu. Ndani ya pilipili mna kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko Marekani, walitambua katika neva protini iliyo kama mlango: hufunguka joto lifikapo takriban nyuzi 43 za Sentigredi, nayo kapsaisini huufungua mlango huo huo. Hivyo ubongo huambiwa kwamba kinywa kinaungua, ingawa hakuna moto. Kwa kazi hiyo Julius alikuwa mmoja wa wawili waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021.

Mmea hujilinda kwa kemikali hiyo. Wanyama wanyonyeshao huogopa kuwashwa, nao ndio ambao huziharibu mbegu kwa kutafuna. Ndege hawausikii ukali huo. Humeza tunda na kuziangusha mbegu zikiwa nzima. Ndiyo maana pilipili kichaa huota chini ya miti, mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda. Tena, utafiti uliofanywa Bolivia na kutangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kapsaisini huzikinga mbegu za pilipili-mwitu dhidi ya kuvu.

Nadharia ya vijidudu

Ikiwa viungo hupigana na vijidudu, je, si hiyo sababu ya watu wa nchi za joto kuvipenda? Mwaka 1998 Jennifer Billing na Paul Sherman, wa Chuo Kikuu cha Cornell, walichunguza mapishi 4,578 ya nyama kutoka nchi 36. Waliona kwamba kadiri nchi ilivyo na joto, ndivyo mapishi yake yanavyotumia viungo vingi zaidi. Wakasema kwamba viungo vilimkinga mlaji dhidi ya nyama inayoharibika upesi. Nadharia hii ni nzuri na yavutia. Lakini uzuri wa nadharia si ushahidi wake, sharti ipimwe.

Tuipime

Mtetezi wake aweza kusema kwamba Bukoba, iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, haina joto kama Unguja, na kwa hiyo chakula chake ni kipole. Hoja hiyo yaelekea kuwa sawa mpaka turudi Miembeni. Vyungu vyetu viwili viko katika hali moja ya hewa, na bado vimetofautiana.

Tutazame historia. Pilipili kali ni mzaliwa wa Amerika. Wenyeji wa Meksiko waliitumia kwa maelfu ya miaka. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 haikuwako Afrika. Ililetwa na Wareno katika karne ya 16. Joto la Pwani lilikuwako tangu zamani, lakini watu wa Pwani hawakuwa na mmea huo. Walichokuwa nacho ni pilipili manga, iliyofika kwa biashara ya bahari. Jina lenyewe ni ushahidi, kwani Manga ni jina la kale la Uarabuni. Mgeni kutoka Amerika alipewa tu jina la aliyemtangulia.

Wafanyabiashara wa Pwani walifika Karagwe katikati ya karne ya 19, na mji wa Bukoba ulianzishwa mwaka 1890. Yaelekea pilau imefuata njia hiyo hiyo. Mhaya, kwa upande wake, alikuwa na kibanja chake mlangoni: ndizi hukatwa na kupikwa zikiwa mbichi, maharage huwekwa makavu, na samaki hukaushwa kwa moshi au jua. Kisha mtoto hujifunza kupenda kile anachokikuta katika sahani ya nyumbani.

Mwaka 2021 Lindell Bromham na wenzake, huko Australia, walichambua mapishi 33,750 ya mitindo 70 ya upishi. Hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba vyakula vikali ni kinga dhidi ya maradhi. Waliona pia kwamba nchi zenye vyakula vikali zina vifo vingi zaidi vya ajali za barabarani. Bila shaka pilipili haigongi magari! Mambo mawili kuandamana si hoja kwamba moja limezaa jingine.

Faida ya somo hili

Wapo wasemao kwamba kiporo au chakula cha barabarani chenye pilipili nyingi ni salama, kwa kuwa pilipili huua vijidudu. Imani hiyo ni ya hatari. Kiasi kinachozuia bakteria katika maabara si kiasi kilichomo katika sahani, na ukali huweza kuficha dalili za chakula kilichoharibika. Kinga ya kipindupindu na kuhara ni maji yaliyochemshwa, mikono iliyooshwa kwa sabuni, na chakula kilichopashwa hadi kuchemka.

Jaribio la darasani

Mimina mchuzi wa maharage uliochemshwa katika vikombe vitatu vilivyo safi. Cha kwanza usikitie kitu. Cha pili tia kijiko kimoja cha pilipili iliyopondwa. Cha tatu tia vijiko vinne. Vifunike kwa siku tatu, ukiandika kila siku rangi, harufu na povu. Usionje kamwe. Baada ya kushika pilipili osha mikono kwa sabuni, wala usiguse macho. Maji matupu hayaiondoi kapsaisini.

Kisha wanafunzi wajibu: Je, vikombe vimetofautiana? Kama kipo kilichokaa muda mrefu zaidi, je, nani awezaye kula mchuzi wenye pilipili kiasi hicho?