Amana ya Mchukuzi wa Khabari

Ndugu wasomaji, swali la darasa letu ni hili: mwenye kuuza intaneti, je, ana haki ya kuingia kati ya khabari za mteja wake? Kabla ya kuhukumu, hapana budi kulijua tendo lenyewe.

Mwaka 2007, huko Marekani, wateja wa kampuni ya Comcast waliona kwamba wakipelekeana faili kwa programu iitwayo BitTorrent, mazungumzo ya kompyuta zao hukatika ghafla. Mwezi wa Oktoba shirika la khabari la Associated Press lilijaribu kwa njia hiyo kupitisha Biblia ya King James, kitabu cha kale ambacho Marekani hakihitaji idhini ya mtu kunakiliwa. Mara mbili katika tatu hakikupita kabisa.

Ilikuwaje? Kompyuta ikitaka kuvunja mazungumzo na nyenziwe huipelekea ishara ndogo ya kukata. Mitambo ya kampuni ilikuwa ikiibuni ishara hiyo, na kuipeleka huku kana kwamba imetoka kule. Kila mmoja akadhani kuwa mwenziwe ndiye aliyemkata. Hebu mfikirini tarishi aliyechoka kuchukua barua, akaandika kwa jina la ndugu yako: "Usiniletee tena khabari."

Kampuni kwanza ilikana kuwa yazuia, kisha ikasema yachelewesha tu, kwani watu wachache wawalemea wengi. Hoja ya msongamano hatuidharau. Nahodha aweza kusema chombo kimejaa, shehena yako na ingoje. Lakini husema kwa ulimi wake, wala hasemi kwa ulimi wa mwenye mali. Kosa tunalolishika sisi ni huko kughushi.

Agosti 2008, Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliihukumu kampuni, kwa kura 3 dhidi ya 2. Aprili 2010 mahakama ya rufani ya Washington ikaitangua amri hiyo. Wako waliodhani kuwa kampuni imesafishwa. Nao hawakusoma vema. Mahakama ilitazama kama tume ina mamlaka ya kisheria, haikusema kuwa tendo lile ni jema.

Mtu atasema: ilikuwa dharura. Basi na atazame yaliyofuata. Hata kabla ya mwaka 2008 kwisha, kampuni ilikuwa imeiacha njia ile, ikatangaza nyingine: saa za msongamano, mwenye kutumia kwa wingi hupunguziwa kasi kwa muda mfupi, iwe programu yake ni ipi. Njia ya wazi ilikuwako, nayo ikafaa.