Sumaku Iliyotulia Haizai Umeme

Yafaa ifahamike kwamba sumaku ikiwekwa karibu na kitanzi cha waya, ikatulia hapo hata mwaka mzima, haitazaa umeme wowote katika waya huo. Umeme huzaliwa pale tu nguvu ya sumaku ipitayo ndani ya kitanzi inapozidi au kupungua.

Mwaka 1825 huko Geneva, Jean-Daniel Colladon alilijaribu jambo hili. Akichelea sumaku yake isije ikauvuta mshale wa kipimo, alikiweka kipimo chumba kingine, akakiunga kwa waya mrefu. Akaisukuma sumaku ndani ya mapindo ya waya, kisha akaenda kutazama: mshale umetulia! Maskini, ulikwisha cheza na kurudi mahali pake yeye angali njiani. Mwaka 1831, Michael Faraday wa Uingereza aliuona ukicheza.

Hebu tupime. Kitanzi cha mraba chenye pande za sentimita 10, kilichoelekezwa sawasawa kwenye sumaku ya tesla 0.5, nguvu hiyo ikiondoka kwa sekunde 0.1, hutoa volti 0.05 kwa wastani. Ikiondoka kwa sekunde 0.01, volti 0.5. Tena mkondo huo huyapinga mabadiliko yaliyouzaa. Ndiyo sababu dinamo ya baiskeli iwashapo taa, mwendeshaji huona pedali zimekuwa nzito.