Dondoo muhimu: Nani ameshika ufunguo wa barua pepe yako?

Kisumu wapo wengi waliofunguliwa barua pepe na mhudumu wa saiba, huko Kondele au mjini, siku walipohitaji PIN ya KRA. Nenosiri akabaki nalo yeye. Anzia hapo: libadilishe leo, na namba ya kurejesha akaunti iwe yako, si yake.

Kisha mtoa huduma. Gmail iliacha kupekua barua kwa ajili ya matangazo mwaka 2017, lakini uwezo wa kuzifungua bado inao. Proton Mail ya Uswisi na Tuta ya Ujerumani hufunga maandishi ya barua zilizohifadhiwa hata wao wasiweze kuyasoma, na zote zina akaunti za bure. Ila ukimwandikia mtu wa Gmail bila kuweka nenosiri, nakala yake huko haina kinga hiyo.

Angalizo kwa mvuvi wa Dunga anayefungua barua pepe msimu wa ritani tu: Tuta hufuta akaunti ya bure isiyotumika kwa miezi 6.

Na saiba ikikataa kufuta nakala ya kitambulisho chako iliyobaki nayo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuruhusu kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data.